Skripti ya nje kwenye seva ya gumzo: lawama zinapokosea mlango

Msimamizi wa seva ya gumzo akisema watumiaji wake wanathibitishwa na skripti ya nje, yaani programu ndogo ambayo seva huiuliza kama nenosiri ni sahihi, wenzake humwona kama aliyefunga nyumba kwa kamba. Watamwambia skripti ni nzito, inakwama ovyo, haina usalama, heri LDAP, itifaki ya kuuliza saraka ya watumiaji. Lawama mbili za kwanza ni za uandishi au mpangilio mbovu. Ya tatu ina uzito, ila mara nyingi inaelezwa nusu.

Tuchukue ejabberd, mojawapo ya programu za seva ya gumzo. Kwenye mpangilio wake unaweka auth_method kuwa external, na extauth_program inataja faili la skripti. Seva huiwasha mara moja na kuiacha ikisubiri maombi. Kila ombi huanza na baiti 2 za urefu, kisha maandishi kama auth:asha:gumzo.test:nenosiri. Jibu ni baiti 4: 00 02 00 01 ni ndiyo, 00 02 00 00 ni hapana. Mistari 40 ya Python inatosha.

Mitego yake inajulikana. Nenosiri likiwa na nukta mbili ndani, anayekata kila penye alama hiyo hupata vipande 5 badala ya 4, na mwenye nenosiri hilo hataingia kamwe. Kata mara 3 tu. Urefu ni wa baiti, si wa herufi: ukihesabu herufi, é moja tu inaiacha skripti ikingoja kisichokuja. Jibu lisiposukumwa litoke kwenye bafa (hifadhi ya muda ya matokeo), seva nayo inangoja. Na ukichapisha ujumbe wa majaribio kwenye stdout, njia ileile ya matokeo inayopitisha majibu, seva itausoma kama jibu.

Mtego unaosumbua kuliko yote ni ule wa ukimya wa muda wa saa 8. Hifadhidata ya MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 28,800. Skripti iliyofungua muunganisho mmoja ilipowashwa hufanya kazi vizuri kutwa. Wikendi hakuna anayeingia, na Jumatatu mtu wa kwanza anaambiwa nenosiri si sahihi. Kwa nini hilo, wakati kilichokufa ni muunganisho? Kwa sababu itifaki ina majibu mawili tu, na mwandishi aligeuza kila hitilafu kuwa hapana. Mtumiaji anabadilisha nenosiri lisilo na kasoro, anakataliwa tena, na lawama inaangukia skripti za nje zote. Dawa ni kuunganisha upya na kujaribu tena mara moja. Ikishindikana, skripti na ife, seva itaiwasha nyingine; kufa ni afadhali kuliko hapana ya uongo.

Uzito je? Tuseme ukaguzi wa bcrypt, njia ya kuhifadhi nenosiri kwa namna isiyoweza kurudishwa nyuma, unachukua milisekunde 200. Seva ikiwashwa upya na watu 300 wakarudi kwa pamoja, nakala moja ya skripti inahitaji dakika nzima kuwamaliza. Nakala 4 kupitia mpangilio wa extauth_pool_size ni sekunde 15, kama kompyuta ina viini vya kutosha.

Sasa usalama. Skripti inahitaji nenosiri lenyewe, kwa hiyo SCRAM, njia ya kuthibitisha bila kutuma nenosiri lenyewe, haiwezekani. Inabaki PLAIN, inayolituma lilivyo, na TLS, usimbaji wa muunganisho, iwe ya lazima. Hasara hii ni ya kweli: SCRAM humwezesha mtumiaji kuhakikisha kwamba seva nayo inamjua, PLAIN haimpi kinga hiyo. Lakini LDAP anayoshauriwa msimamizi, ejabberd ikithibitisha kwa kuingia kwenye saraka kama mtumiaji, inadai nenosiri hilohilo. Na mwenye maelfu ya akaunti za tovuti zilizohifadhiwa kwa bcrypt hawezi kuzigeuza kuwa za SCRAM bila kila mtu kuandika nenosiri lake upya. Tovuti yake, kwa kawaida, tayari inapokea manenosiri hayo kupitia TLS kila siku. Skripti haileti hatari ngeni. Inaongeza mlango wa pili wa aina ileile, nao unahitaji ulinzi uleule.

Kinachosahaulika ni kashe. Ejabberd hukumbuka nenosiri lililokubaliwa kwa saa 1, usipobadilisha mpangilio. Aliyefungiwa akaunti kwenye tovuti saa nne kamili anaweza kuendelea kuingia kwenye gumzo karibu hadi saa tano. Weka auth_use_cache kuwa false, au punguza muda.

Kwa mfumo mpya usio na watumiaji bado, hoja zote hizi hazina kazi: tumia hifadhi ya ndani ya ejabberd, na auth_password_format iwe scram.