Ulaya ikiacha petroli, magari yake ya zamani yatakwenda wapi?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria iliyotaka magari madogo yote mapya yatakayouzwa kuanzia 2035 yasitoe hewa ukaa. Hatua hiyo ilichelewa. Usafiri ndio unaotoa takriban robo ya hewa chafu ya Ulaya, na wakati viwanda na mitambo ya umeme imepunguza moshi wake tangu 1990, barabarani hali imezidi kuwa mbaya.

Wapinzani wa sheria hiyo si watu wa kupuuzwa. Ujerumani, yenye ajira nyingi katika viwanda vya magari, iliikwamisha hadi dakika za mwisho, ikaruhusiwa upenyo wa magari yatakayotumia mafuta ya kutengenezwa kwa umeme na hewa ukaa. Wengine wanasema umeme wenyewe bado unazalishwa kwa makaa ya mawe, kama Poland. Hoja hii siioni nzito, kwa sababu mitambo inaweza kusafishwa mwaka hadi mwaka, ilhali injini ya petroli itaunguza petroli mpaka ife. Hoja ya bei ndiyo inayouma. Mfanyakazi wa kipato cha chini anayepanga ghorofani hana fedha za gari jipya la umeme, wala hana pa kulichajia.

Lakini mabishano yote haya ni juu ya gari jipya. La zamani likiuzwa linapanda meli. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje, hasa kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikipokea mengi kuliko bara lingine lolote. Mwaka huohuo wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kuja Afrika. Mengi yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, na mengine yalikuwa yamenyofolewa kifaa cha kuchuja moshi kwenye ekzosi, maana ndani yake mna madini ya thamani.

Je, biashara hii ipigwe marufuku? Hapana. Gari la mtumba kutoka Japani ndilo linalompeleka mwalimu wa Dar es Salaam kazini, na mara nyingi ni zima kuliko analoliacha. Kenya imeyawekea magari ya mtumba yanayoingia kikomo cha umri wa miaka 8, na ni haki yake. Ila kumwachia mnunuzi peke yake mzigo wa kuchuja magari mabovu ni uonevu. Anayeuza ndiye mwenye rekodi za gari, wakaguzi na vipimo. Gari lililoshindwa ukaguzi katika bandari ya Rotterdam, Uholanzi, lisipakiwe melini, na moshi wa lile lililopakiwa uandikwe kwenye hesabu za Ulaya pia, si za Afrika peke yake.