Programu Inayojua Kila Kitu Isipokuwa Faili Langu

Ofisi moja imenirudishia tena ripoti ya chama chetu cha kuweka na kukopa, eti iko katika PDF ilhali wao wanataka Word, na faili la Word lilikwishazikwa pamoja na kompyuta ya karani, maana mnajua umeme wetu unavyorudi kwa hasira. Basi nikavaa koti, nikashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala.

Kijana wa kompyuta alinipokea kwa heshima zote. "Mzee, wewe toa flashi tu. Nina programu inayogeuza kila kitu." Akaniarifu kwamba inaitwa Pandoc, ni ya bure, na ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa huko California. Nikatulia kidogo, kwani mwanafalsafa hakosi subira na mambo kama yetu. Akaanza kunisomea orodha ya aina za faili inazozijua: Markdown, HTML, LaTeX, EPUB, docx, ODT, ikarefuka kuliko orodha ya wadaiwa wa chama.

"Na PDF je?" nikamkatiza kwa adabu.

"PDF inatoa safi kabisa, mzee."

"Sikuuliza kutoa, kijana wangu. Inapokea?"

Akakuna kichwa. Haipokei! Programu inayojua lugha zote hizo huiandika PDF, tena kwa kuazima programu nyingine ambayo kuipakua tu ni kumaliza bando, lakini kuisoma haiwezi. Alijitetea kwamba PDF kwa kawaida haihifadhi aya wala jedwali, bali huhifadhi mahali kila herufi ilipokaa kwenye ukurasa, kwa hiyo yeyote anayeirudisha kuwa Word anabahatisha. Yangu, zaidi ya hayo, ilikuwa imeskaniwa baada ya kutiwa saini, yaani ni picha tupu, na muhuri wa mwenyekiti umekaa juu ya jumla.

Akaijaribu kwa programu ya kutambua herufi katika picha. Shilingi 1,500,000 zikatoka zikiwa "l,5OO,OOO", herufi tupu, na mama yetu wa fedha akawa "Mwcka Hazina", cheo ambacho katiba ya chama haikitambui. Akapendekeza tuipakie kwenye tovuti fulani ya kugeuza faili. Nikakataa, kwani humo mna simu na madeni ya wanachama wote, na sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019.

Lakini hiyo Word wanaitaka ya nini, jamani? Wataichapa! Wataichapa, wataitoboa matundu mawili, wataifungia kabatini na funguo ataondoka nazo mtu aliye likizo!

Dada wa meza ya jirani, aliyekuwa akisikiliza muda wote, amejitolea kuipiga chapa upya yote kwa vidole vyake, kwa malipo ya kila ukurasa, na sasa tunabishana kama safu tupu za jedwali nazo zinalipiwa.