Anne Lacaton hakupewa tuzo kwa kubandika roshani

Hivi karibuni nilimsikia msanifu majengo, mtu mzima mwenye ofisi yake na heshima zake, akiwaambia wanafunzi kwamba Tuzo ya Pritzker ya mwaka 2021, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani, ilikwenda kusikostahili. Eti Anne Lacaton na mwenzake Jean-Philippe Vassal, wasanifu wa Ufaransa, wamefanya nini cha ajabu zaidi ya kubandika roshani kwenye maghorofa ya zamani? Wanafunzi wakaandika. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Basi tuziangalie hizo roshani. Pale mtaa wa Grand Parc, mjini Bordeaux, kuna maghorofa matatu ya nyumba za umma za kupangisha, yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye nyumba 530. Ni majengo ya aina ambayo Ufaransa ilikuwa imekwisha kuyakatia tamaa: mwaka 2003 ilitungwa sheria ya kufufua miji, na katika mpango wake nyumba 200,000 za namna hiyo zilikuwa zivunjwe. Mwaka uliofuata Lacaton, Vassal na msanifu mwenzao Frédéric Druot walitoa utafiti wao, Plus, wakapinga bila kumung'unya maneno: kubomoa ni mwiko, ongeza, geuza, tumia tena kilichopo.

Na Lacaton na Vassal walipopewa Grand Parc, wakishirikiana na Druot na msanifu mwingine, Christophe Hutin, walitenda walichokisema. Madirisha madogo ya zamani yaliondolewa. Mbele ya kila nyumba ikaongezwa baraza ya vioo na roshani, kina cha karibu mita 3.8, chumba kizima ambacho hakikuwepo. Bafu zikakarabatiwa, lifti mpya zikawekwa. Gharama ilikuwa karibu euro 50,000 kwa nyumba. Kazi ndani ya kila nyumba ilichukua takriban wiki mbili, na wapangaji waliendelea kuishi humohumo. Kodi haikupandishwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Hapo kwenye wapangaji ndipo ninapotaka tukae. Shangazi yangu alihamishwa kwenye kota zilizovunjwa akiambiwa atarudi patakapojengwa upya. Hakurudi. Alipata paa kwingine, ndiyo, lakini jirani aliyekuwa akimpimia dawa ya presha hakumpata tena, wala muuza duka aliyemkopesha unga mwisho wa mwezi. Vitu hivyo havimo kwenye mchoro wa msanifu, wala hakuna fidia inayovihesabu. Lacaton alivihesabu. Alianza na watu waliokuwa wakiishi mle, akauliza wanakosa nini, akagundua kwamba wanakosa nafasi, mwanga na hewa, na hayo yote yanaweza kuongezwa bila kumng'oa mtu. Kama huo si usanifu, sijui tunawasomesha vijana wetu nini. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Umoja wa Ulaya ya usanifu inayobeba jina la msanifu Mies van der Rohe, miaka miwili kabla ya Pritzker. Lacaton akawa mwanamke wa kwanza Mfaransa kuipata Pritzker.

Na hekima hii hawakuichuma Paris. Lacaton, aliyezaliwa mwaka 1955, na Vassal, mzaliwa wa Casablanca, walikutana chuoni Bordeaux. Baadaye Vassal akaenda kufanya kazi ya mipango miji Niger, na Lacaton akawa anamtembelea. Huko Niamey, mwaka 1984, walijenga kibanda cha nyasi juu ya kilima cha mchanga. Upepo ulikimaliza ndani ya miaka miwili. Wenyewe wanasema Niger ilikuwa shule yao ya pili, kwa walivyoona watu wakitengeneza mahali pazuri pa kuishi kwa kidogo walichonacho. Inaniuma kwamba somo lililotoka Afrika linadharauliwa na Waafrika wenzangu.

Mwaka 1987 walifungua ofisi. Mwaka 1993 walimaliza nyumba ya familia ya Latapie huko Floirac, familia isiyo na pesa nyingi, wakaipa eneo kubwa kwa kuunganisha nyumba na banda kama la kuoteshea mimea (greenhouse), la plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Huko Cap Ferret, pwani ya Ufaransa, walijenga nyumba katikati ya misonobari bila kukata hata mmoja. Mingine inapenya ndani ya nyumba na kutokea juu ya paa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba plastiki yao haipendezi kila jicho, na kwamba yapo majengo yaliyooza kiasi cha kutookoleka. Lakini yapimwe kwanza. Mnara wa Bois-le-Prêtre jijini Paris, wenye urefu wa mita 50, nao ulitishiwa kuvunjwa; mwaka 2011 ulikabidhiwa ukiwa umepanuliwa, na watu wake wamo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni uwanja mdogo wa Léon Aucoc, Bordeaux, mwaka 1996. Manispaa iliwaomba waupendezeshe. Wakaenda, wakakaa, wakazungumza na wakazi, wakaona watu wanaupenda ulivyo: miti, benchi, mahali pa kuchezea tufe. Wakashauri kokoto zibadilishwe, usafi ufanywe mara kwa mara, miti itunzwe, basi. Mteja alikuwa na bajeti mkononi, nao hawakuchora kitu. Mimi sijakutana na msanifu mwingine mwenye ujasiri huo.