Mzee akijikuna kichwa, tusikimbilie kusema ni uzee

Mama alikuwa anajikuna mpaka usingizini. Nilijua kwa sababu ya foronya, kila nikibadilisha mashuka nakuta vidoadoa vya damu iliyokauka, vidogo kama vichwa vya pini, upande ule ule anaolalia. Nikimuuliza ananijibu "aah mwanangu, mwili tu umechoka", na kila aliyekuja kumjulia hali akasema hivyo hivyo, uzee huo, na mimi nikaamini. Nikaanza kumpaka mafuta kichwani asubuhi na jioni maana niliona magamba nikajua ni ukavu, na kadiri nilivyompaka ndivyo alivyozidi kujikuna, miezi minne mizima.

Ndo maana naandika. Hili neno "uzee" tunalitoa haraka mno, na likishatoka mdomoni hakuna anayeinuka kwenda kuwasha taa na kuipanua nywele aangalie hiyo ngozi ina nini.

Sawa, umri una mchango wake, sikatai. Ngozi ya mtu mzima inapungua mafuta yake ya asili kwa sababu tezi zinazoyatoa zinapunguza kazi, na kwa wanawake hilo linaonekana zaidi baada ya hedhi kukoma. Ngozi inakuwa nyembamba, inapoteza maji haraka, halafu sisi tunaimwagia maji ya moto na sabuni kali kila siku tukidhani kichwa kinawasha kwa sababu ni kichafu. Kumbe ndo tunazidi kuikausha. Hapo maji ya uvuguvugu, shampuu laini na kuosha mara chache kunasaidia sana.

Lakini sio kila magamba ni ukavu, na hapa ndipo mimi nilipokosea. Magamba ya ukavu huwa madogo, meupe, yanadondoka mabegani kama unga. Ya mama yalikuwa ya manjano manjano, yana unyevu wa mafuta, ukiyagusa yananata kwenye ngozi, na alikuwa nayo hadi kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Hiyo ni mba ile kali. Daktari wa ngozi alipanua nywele kwa ncha ya kitana, akakwangua kidogo, akaniuliza "unampaka nini?" Nikasema mafuta. Akanieleza kwamba kuna fangasi wanaitwa Malassezia, tunao karibu sote kichwani, na chakula chao ni mafuta, kwa hiyo mimi nilikuwa nawalisha mara mbili kwa siku. Iliniuma sana kusikia vile. Akaandika shampuu ya ketokonazo, dawa ya kuua fangasi, mara mbili kwa wiki, povu likae kama dakika tano kabla ya kusuuza, hiyo kukaa ndo dawa yenyewe kwa sababu ukipaka na kusuuza hapo hapo haifanyi kitu. Na kama una mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, au aliyepata kiharusi, jua kwamba mba ya aina hii inawapenda sana hao, sio kwamba mnamtunza vibaya.

Inayofanana nayo ni soriasisi, ila hiyo magamba yake ni mazito, meupe ya kung'aa kama fedha, yana mpaka unaoonekana na mara nyingi yanavuka mstari wa nywele yakaingia kwenye paji la uso, na ukiangalia viwiko na magoti utayakuta na huko. Chawa nao usiwasahau, wajukuu wanakumbatia bibi na babu kichwa kwa kichwa. Mayai ya chawa yameganda kwenye unywele, ukivuta hayatoki kirahisi, magamba makavu ukiyapuliza yanaruka. Na upele ule wa wadudu wanaochimba ngozi, kwa mtu mzima wa kawaida haupandi kichwani lakini kwa wazee unapanda, usiku ndo unawasha kuliko, na ukigundulika lazima nyumba nzima mtibiwe siku moja la sivyo mnaambukizana tu kwa zamu.

Halafu rangi ya nywele. Hili nalisisitiza kwa sababu wazee wengi wanaficha mvi na ukiwaambia ni rangi wanakataa, "nimepaka miaka ishirini haijawahi kunidhuru". Ndivyo mzio unavyofanya kazi jamani, mwili unaweza kuvumilia kitu miaka na miaka halafu siku moja ukakikataa, na ukishakikataa ndo imetoka hiyo, kila ukirudia inaweza kuja kwa nguvu zaidi. Kemikali inayolaumiwa sana kwenye rangi nyeusi na piko inaitwa PPD. Na usitegemee kuona kichwa chenyewe kimevimba, ngozi ya kichwa ni ngumu, dalili utaziona kwenye kope, masikio, shingoni na kwenye mstari wa nywele. Ile kupaka kidogo nyuma ya sikio na kusubiri saa 48 kabla ya kupaka kichwa kizima, fanyeni kila mara, hata kama ni rangi ile ile ya siku zote.

Vidonge navyo. Mzee wa miaka sabini anaweza kuwa anameza dawa tano, sita, na hakuna aliyekaa chini kuuliza ipi ilianza lini na kuwashwa kulianza lini. Dawa za presha kama amlodipini na haidroklorothayazidi, dawa za kushusha kolesteroli, dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, zote zimeshahusishwa na kuwashwa. SISEMI mtu aache dawa zake, tafadhali, kuacha dawa ya presha kwa sababu ya mwasho ni kujitafutia balaa, nasema muandike kwenye karatasi majina na tarehe mkampe daktari aamue yeye.

Kuna wakati unapanua nywele unakuta ngozi safi kabisa, hakuna gamba wala kipele, na mzee bado anajikuna. Hapo ndo watu wanaanza kumwambia anajiwazia tu, na hakuna kitu kinachonikera kama hicho. Figo zikichoka mtu anawashwa, njia ya nyongo kwenye ini ikiziba mtu anawashwa, tezi ya shingoni ikienda mbio, damu ikipungukiwa madini ya chuma, kote huko mwasho unakuja, na mara nyingi ni mwili mzima kichwa kikiwemo. Kisukari kinaharibu mishipa ya fahamu, na mshipa ulioharibika unaweza kutuma habari ya kuwashwa wakati ngozi haina tatizo lolote. Aliyewahi kupata mkanda wa jeshi usoni au kichwani anaweza kubaki na mwasho upande ule ule mmoja, vidonda vikishapona kabisa. Hata pingili za shingo zikisagika zinaweza kubana mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mwasho ukipita wiki sita, vipimo vya damu viombwe, sio krimu nyingine tena.

Mengine ni ya kuwahi. Mzee mwenye upara aliyepigwa jua maisha yake yote, hasa mwenye ngozi nyeupe au ualbino, akiwa na sehemu inayokwaruza kama msasa ukipitisha kidole, au kidonda kisichopona, aonwe mapema kwa sababu hapo saratani ya ngozi inaweza kuwa inaanza. Mama mtu mzima ambaye mstari wa nywele unarudi nyuma, nyusi zinapukutika na paji linawasha, naye asikae nyumbani, kuna ugonjwa unaua mashina ya nywele na zikienda hazirudi. Mwenye wekundu au uzambarau kwenye kope, kichwa kinawasha na mikono inashindwa kunyanyuka hata kuchana nywele, huo unaweza kuwa ugonjwa wa misuli na ngozi kwa pamoja. Na hii sasa si kuwashwa, ni maumivu, lakini watu wanachanganya: mtu aliyevuka miaka 50 akisema kitana kikigusa ngozi kinauma, kichwa kinamuuma pembeni na taya zinachoka akitafuna, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, huenda mishipa ya damu imevimba na anaweza kupofuka.

Kitu kimoja zaidi ambacho nimeona nyumba nyingi, mzee akiwashwa anapewa vidonge vya mzio vile vya kuleta usingizi, vya jamii ya klofeniramini. Kwa mzee vinaleta kuchanganyikiwa, kukwama mkojo, kuanguka usiku akienda chooni, na mwasho mwingi wa wazee hautoki kwenye mzio kabisa kwa hiyo havimsaidii, vinamlaza tu. Mwenye kusahau sahau ndo kabisa, yeye hata kusema kwamba anawashwa hawezi, atakuwa msumbufu tu, anavuta vuta nywele, na nyie mtadhani ni ile hali yake.

Kata kucha zake fupi. Panua nywele mchana, karibu na dirisha, mstari kwa mstari, mpaka nyuma ya masikio na kisogoni, piga picha kwa simu uende nayo.

Mama alianza kulala baada ya wiki ya tatu. Sasa hivi namuosha kwa ile shampuu mara moja kwa wiki, dakika tano za povu anazihesabu yeye mwenyewe kwa sauti akiwa amefumba macho, na foronya niliyoitoa juzi ilikuwa haina hata doa.