Ndege tatu, rada tano: bajeti ya ulinzi ya Uingereza ilivyokatwa

Mwaka 2019 Uingereza iliagiza ndege tano za E-7 Wedgetail, zile zinazobeba rada kubwa mgongoni na kuziongoza ndege nyingine vitani. Machi 2021 serikali ikapunguza idadi hadi tatu ili kubana matumizi. Miaka miwili baadaye Kamati ya Ulinzi ya Bunge ikapiga hesabu. Tano zingegharimu karibu pauni bilioni 2.16, tatu zinagharimu bilioni 1.89. Ndege zimepungua kwa asilimia 40, gharama kwa asilimia 12 tu. Zaidi ya hapo, seti za rada zilikuwa zimeshaagizwa tano, hivyo mbili zikabaki bila ndege ya kuzibeba.

Anayejua manunuzi ya kijeshi haoni ajabu. Usanifu, majaribio, vibali vya kuruka, mitambo ya kufundishia marubani na mahanga hulipiwa mara moja, uwe unanunua ndege tatu au kumi. Unapopunguza idadi katikati ya safari, unachookoa ni bei ya bodi na injini, na gharama nyingine zote zinagawanywa kwa ndege chache. Upande wa kazi hali ni mbaya zaidi. Katika ndege tatu, moja itakuwa kwenye matengenezo makubwa, ya pili inafundishia, inabaki moja, na ndege moja haiwezi kulinda anga saa 24. Ndege za zamani za Sentry, zilizokuwa zikifanya kazi hiyohiyo, zilistaafishwa mwaka huohuo wa 2021, na mpya zilizotarajiwa 2023 hazikuonekana mwaka huo.

Mfano huu mdogo una karibu kila kasoro ya namna Uingereza ilivyokata bajeti yake ya ulinzi. Hata hivyo waliokata wana hoja, na si hoja nyepesi.

Katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa ikitumia karibu asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa Ujerumani Mashariki. Adui huyo alipoondoka, kubaki na jeshi la nchi kavu la watu 156,000 kungekuwa vigumu kumweleza mlipa kodi anayesubiri foleni hospitalini. Mpango wa 1990 ulilenga kulishusha hadi 116,000, na wachache walilalamika. Mwaka 2010 hali ilikuwa nyingine. Nakisi ya bajeti ilifika karibu asilimia 10 ya pato la taifa baada ya benki kuyumba, na serikali mpya ya David Cameron ikasema imekuta ahadi za manunuzi ya kijeshi zinazozidi fedha zilizopo kwa pauni bilioni 38. Sehemu ya tundu hilo ilitokana na tabia ya kuahirisha. Ujenzi wa manowari mbili za kubeba ndege ulipunguzwa kasi mwishoni mwa 2008 ili kupunguza bili za miaka ya karibu, na kwa kufanya hivyo bei ya jumla ikapanda kwa zaidi ya pauni bilioni moja. Wizara inayoendesha mambo hivyo haiwezi kuachwa iendelee. Bajeti ikakatwa kwa asilimia 8 ndani ya miaka minne.

Vilivyoondolewa Oktoba 2010 ni hivi: manowari ya kubeba ndege HMS Ark Royal, ndege zote za kivita za Harrier zilizoweza kuruka kutoka juu yake, mradi wa ndege za doria za baharini za Nimrod MRA4, na frigeti nne za Type 22. Miezi mitano baadaye vita vya Libya vikaanza. Ufaransa ilipeleka manowari yake ya kubeba ndege, Charles de Gaulle. Uingereza ilirusha ndege za kivita za Tornado kutoka kituo cha Marham, mashariki mwa England, kwenda na kurudi takriban kilomita 4,800, zikijazwa mafuta njiani. HMS Cumberland, iliyotumwa kuwaokoa raia Benghazi, ilikuwa moja ya zile Type 22 na tayari ilikuwa njiani kurudi nyumbani kustaafishwa.

Picha hiyo inauma, na wapinzani wa serikali waliitumia sana. Lakini Libya haikupotea kwa kukosa Harrier. Kulikuwa na viwanja vya ndege Italia, kituo cha Gioia del Colle kikafanya kazi nzuri, na kombora la Storm Shadow lililorushwa na Tornado lilikuwa halibebwi na Harrier hata kidogo. Kosa la Harrier, kwa maoni yangu, liko kwenye mauzo: ndege 72 ziliuzwa Marekani kwa zaidi kidogo ya pauni milioni 110, nyingi ziwe chanzo cha vipuri, huku baadhi zikiwa zimetoka kuboreshwa.

Nimrod ndiyo iliyoacha jeraha. Kuufuta mradi wenyewe kulikuwa na sababu. Ndege 21 ziliagizwa 1996, zikapunguzwa hadi tisa, zilichelewa kwa miaka, na mabawa mapya yaliyotengenezwa kwa vipimo vya kompyuta hayakukaa sawasawa kwenye bodi za zamani zilizoundwa kwa mkono, kila moja na vipimo vyake. Zaidi ya pauni bilioni 3 zilishatumika ndege hizo zilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Tatizo ni kwamba hakuna kilichowekwa mahali pake. Nyambizi za nyuklia za Uingereza hutoka Faslane, Uskoti, na kabla hazijazama baharini ni lazima kuhakikisha hakuna nyambizi ya Urusi inayozisubiri nje. Kazi hiyo hufanywa na ndege inayodondosha maboya ya kusikilizia, ikisaidiana na frigeti na helikopta. Mwishoni mwa 2014 ilipodhaniwa periskopu, bomba la kutazamia la nyambizi, imeonekana pwani ya Uskoti, ndege za kutafuta ziliombwa kwa washirika. P-8 ya kwanza, ndege mpya ya doria ya baharini, ilitua Uskoti Februari 2020. Kwa karibu miaka kumi, kitu pekee kilichozuia ujuzi huo usife kabisa ni uamuzi wa kuwatuma wanaanga wachache wakahudumu katika ndege za Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Mpango huo wa bei ndogo haukupata sifa unayostahili.

Ndege inapoondolewa, kila mtu anaiona. Ikikatwa bajeti ya matengenezo, haonekani mtu wa kupiga kelele. Tarehe 2 Septemba 2006 Nimrod ya zamani, namba XV230, ililipuka karibu na Kandahar muda mfupi baada ya kujazwa mafuta angani. Wote 14 waliokuwemo wakafa. Mafuta yalikuwa yamevujia kwenye uwazi ulio jirani na tangi namba 7, ambamo bomba la hewa moto lilipita. Ripoti ya wakili Charles Haddon-Cave ya Oktoba 2009 haikuishia kwenye bomba. Ilifuatilia hadi agizo la kupunguza gharama za vifaa na matengenezo kwa asilimia 20, lililotokana na mapitio ya ulinzi ya 1998, na ikaonyesha jinsi wakuu walivyohamisha macho kutoka usalama wa ndege kwenda kwenye mabadiliko ya ofisi na malengo ya akiba. Anayetaka kujua bajeti hukata nini hasa, asome ripoti hiyo kabla ya kuhesabu vifaru.

Majini ndiko hesabu ya idadi inakobana zaidi. Manowari za Type 45 za ulinzi wa anga zilipangwa 12, zikawa nane, zikaishia sita, kila moja kwa zaidi ya pauni bilioni moja zikigawanyiwa gharama za usanifu. Ukiwa na sita, hesabu ya kawaida ya wanamaji ni kwamba mbili ziko kazini, mbili zinajiandaa, mbili ziko kwenye matengenezo. Sasa ongeza ubovu. Meli hizi husukumwa kwa umeme, na sehemu kubwa ya umeme huo hufuliwa na injini za turbini ya gesi za WR-21 zenye kipozeo cha hewa. Kwenye maji ya moto kama ya Ghuba kipozeo kilielemewa, injini ikazima. Mzigo wote ukahamia kwenye jenereta mbili za dizeli zisizouweza, nazo zikazima. Meli ikabaki gizani, haina mwendo, haina rada. Dawa iliyopatikana ni kutoboa ubavu wa meli, kutoa jenereta mbili na kuingiza tatu kubwa zaidi, kazi inayoiweka kila meli nje ya huduma kwa muda mrefu. Desemba 2023 HMS Diamond ilidungua droni Bahari ya Shamu, kwenye njia ambayo makontena ya Mombasa na Dar es Salaam hupitia yakitoka Ulaya. Silaha ilifanya kazi barabara. Mbadala wa kuipokea Diamond ndio ulikuwa mchache.

Kwa upande wa askari, serikali ya 2010 ilipiga bahati nasibu: jeshi la kudumu lishuke hadi 82,000, pengo lizibwe na askari wa akiba 30,000. Uandikishaji ukakabidhiwa kampuni ya Capita mwaka 2012. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipokagua 2018 ilikuta malengo hayajafikiwa mwaka hata mmoja tangu 2013, mfumo wa kompyuta umechelewa kwa miezi 52, na waombaji wengi wakisubiri hadi siku 321 kutoka kujaza fomu hadi kuanza mafunzo. Kijana wa miaka 19 hasubiri siku 321, anatafuta kazi nyingine. Wakati huohuo wizara ilikuwa imewalipa kiinua mgongo maelfu ya askari waliokwisha kufunzwa ili waondoke. Lengo likashushwa tena mwaka 2021, hadi karibu 73,000, na jeshi likateleza hata chini ya hapo.

Mazoezi nayo yakafuata njia ya gharama nafuu. Uwanja wa Suffield huko Kanada, ambako vifaru vilifanya mazoezi makubwa kwa miongo, ulipunguzwa, ilhali Nanyuki ilipata kambi mpya ya Nyati mwaka 2021. Askari wa miguu na bunduki Laikipia ni nafuu kuliko kikosi cha vifaru uwandani. Lakini vita vya Ukraine vimekuwa vya vifaru, mizinga na droni. Uingereza ilipowapa Waukraine vifaru 14 na mizinga 32 ya AS90 mwaka 2023, mizinga mipya iliyonunuliwa haraka kuziba nafasi ilikuwa 14.

Hapo wanaodai fedha zaidi hujikwaa kwenye Ajax. Magari hayo 589 ya kivita yaliagizwa 2014 katika mkataba uliofikia pauni bilioni 5.5. Yalitakiwa kuanza kazi 2017. Badala yake majaribio yalisimamishwa kwa mtikisiko na kelele, na mamia ya askari wakapelekwa kupimwa masikio. Fedha hazikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapema kwamba gari halifai, na wa kumsikiliza. Mradi wa kuboresha magari ya kivita ya Warrior nao ulifutwa 2021 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 400. Ukiiongezea bajeti wizara yenye mazoea haya, sehemu ya nyongeza itapotea hivihivi, na Hazina inajua.

Lakini Hazina, wizara ya fedha, nayo isijitakase. Mwaka 1996 nyumba zaidi ya 57,000 za familia za askari ziliuzwa kwa kampuni ya Annington kwa pauni bilioni 1.66, kisha wizara ya ulinzi ikazikodi tena nyumba zilezile, na jukumu la kukarabati likabaki kwa wizara. Mwenye nyumba anakula kodi, mpangaji anaziba paa! Januari 2025 serikali ilizirudisha nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na ukungu ukutani na boila zilizokufa majira ya baridi, mambo yanayomfanya sajenti mwenye uzoefu wa miaka 12 aandike barua ya kuacha kazi.

Kisha kuna nyuklia, ambayo haiguswi. Ukaguzi wa Desemba 2023 ulikuta mpango wa vifaa wa miaka kumi ukizidi bajeti kwa pauni bilioni 16.9, na gharama za nyuklia zimepanda kwa bilioni 38.2. Kwa kuwa nyambizi nne mpya za nyuklia za Dreadnought lazima zijengwe, kila pauni inayopanda huko hutafutwa kwenye meli, ndege na mabuti. Na nyuklia yenyewe imeonja dawa hiyo. Matengenezo ya HMS Vanguard, moja ya nyambizi zinazobeba silaha za nyuklia, yalichukua zaidi ya miaka saba, nyambizi zilizobaki zikabeba zamu, na sasa doria za zaidi ya miezi sita chini ya maji si habari ngeni.

Februari 2025 Keir Starmer alitangaza kupandisha matumizi hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, fedha zikitoka kwenye misaada ya nje, inayoshuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Miradi ya afya na elimu ya Afrika Mashariki inayotegemea London iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Mapitio ya ulinzi ya Juni 2025 yalitenga pauni bilioni 1.5 kwa viwanda vya silaha na risasi, na nyingine bilioni 1.5 kwa nyumba. Kwa maneno mengine, fungu zuri la nyongeza linalipia vilivyoachwa vioze.

Mkato ninaoutetea ni wa Novemba 2024, wa Waziri wa Ulinzi John Healey. Aliziondoa HMS Albion na HMS Bulwark, meli za kushusha askari ufukweni, na kulaumiwa vikali. Kumbe kwenye karatasi meli hizo zilikuwa zidumu hadi 2033 na 2034, lakini hapakuwa na mpango wowote wa kuzirudisha baharini, na utunzaji wake ulikula pauni milioni 9 kwa mwaka. Aliondoa kitu ambacho hakikuwepo. Bulwark imeuzwa Brazil, kama ilivyouzwa HMS Ocean mwaka 2018. Askari wa Royal Marines, wale wanaoshushwa ufukweni, sasa wanategemea kubebwa na meli za msaada za RFA (Royal Fleet Auxiliary), ambazo mabaharia wake walikuwa wachache kiasi cha meli kukaa gatini, na mwaka 2024 waliobaki waligoma kwa sababu ya mishahara.