Mpira wa Pili Umefungwa Kamba

Jana saa nane mchana nilisota kwenye foleni ya sheli moja hapa Dar kwa sababu lori lilikuwa linashusha mafuta. Foleni nimeizoea. Kilichonitoa roho ni lile bomba la kupumulia la tangi la chini, linalosimama ukutani: hewa juu ya mdomo wake ilikuwa inacheza kama juu ya lami ya jua kali, na harufu inapasua kichwa. Ile ni petroli inayopaa.

Ukishusha lita 30,000 kwenye tangi la chini, hewa iliyokuwa mle, imeshiba mvuke, lazima itafute pa kutokea. Ndiyo kazi ya mpira wa pili. Mafuta yanashuka kwa huu, mvuke unarudi kwenye lori kwa ule, unapelekwa bohari ukageuzwe mafuta tena. Haihitaji umeme wala pampu. Ulaya waliuwekea sheria mwaka 1994. Na lori la jana mpira huo linao! Umefungwa kamba ubavuni, vumbi limeugandia. Nikamuuliza dereva.

"Huo wa mvuke, mzee. Hapa hawana pa kuuchomeka."

Makadirio ya Wamarekani ni kwamba kila lita 1,000 zinazoshushwa bila kinga hutoa mvuke wa karibu kilo moja. Kwa lori moja, hizo ni kilo 30, kama lita 40 za petroli. Bodaboda tatu zinajaa hadi shingoni. Halafu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunamkodolea macho EWURA, mamlaka inayotangaza bei ya mafuta, shilingi kumi zikipanda tunatukanana mitandaoni.

Lakini hela si hoja yangu. Hoja yangu ni dada wa pampu. Ndani ya mvuke ule kuna kemikali iitwayo benzini, na benzini inasababisha saratani ya damu. Hilo halibishaniwi tena. Yeye yupo pale tangu asubuhi, yunifomu safi, kofia ya kampuni, pua wazi. Aliniambia akirudi nyumbani mwanawe hataki kubebwa mpaka mama aoge. Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Upande wa pili wa uzio kuna jiko la muuza chipsi. Niishie hapo.

Haya, nakubali: vinyonyeo vya kwenye bomba la pampu, vya kunasa mvuke gari linapojazwa, ni ghali, na Marekani wenyewe mwaka 2012 waliruhusu viondolewe, kwa kuwa magari yao sasa yana kopo la mkaa linalonasa mvuke wakati wa kujaza. Sawa. Bodaboda ina kopo gani? Na mimi sijaomba vinyonyeo. Nimeomba kiungio kimoja cha chuma cha kuchomekea mpira ambao tayari umeletwa na lori!

Zamu yangu ilipofika nikasema weka ya elfu ishirini. Dada akafungua kifuniko, akachomeka bomba, akageuzia uso barabarani mpaka mashine ilipokata.