Waacheni Wapande Mwembe

Shule nyingi za binafsi za Kampala na viunga vyake siku hizi hujinadi kwa uwanja uliotandazwa matofali ya saruji, ukuta mrefu wenye nyaya juu, na basi linalomfuata mtoto nyumbani kabla jua halijachomoza. Mzazi akitembezwa huko hutoka ameridhika. Mimi huwa natafuta mti. Mara nyingi siuoni, au nauona umepakwa chokaa shinani na watoto wamekatazwa kuusogelea.

Hapo tunawanyima kitu kisichofundishika ubaoni: kuipima hatari kwa mikono na miguu yao wenyewe. Mtoto aliye juu ya mwembe ana hesabu nzito kichwani. Tawi hili ni bichi au kavu? Likinibeba kupanda, nitashukia wapi? Moyo unamdunda, lakini ni yeye aliyejipandisha na ni yeye atakayejishusha. Mkubwa akimshika kiuno, hesabu ile si yake tena.

Ellen Sandseter, mtafiti wa Norwei, mwaka 2007 aliigawa michezo ya aina hii katika mafungu sita: kimo, kasi, zana za hatari, mahali pa hatari kama penye maji au moto, kupigana kwa mchezo, na kutokomea mbali na macho ya wakubwa. Mtu aliyekulia Busoga au Bunyoro hahitaji kufafanuliwa orodha hiyo. Kimo ni mfenesi. Kasi ni kuteleza mteremkoni juu ya kipande cha jerikeni baada ya mvua. Zana ni kisu cha kuchongea panda ya manati, moto ni ule wa kuchomea viazi shambani, na kupigana ni mieleka ya jioni, watoto wamezunguka wakishangilia. Kutokomea? Ni asubuhi ya msimu wa senene, watoto wametawanyika nyasini na hakuna mama anayejua wamefika wapi. Tulikuwa nayo yote sita bila kujengewa chochote.

Kilichoyamaliza nakijua, na wazazi wenzangu wanakijua. Ni mtihani wa kumaliza shule ya msingi, masomo manne, na ile ndoto ya kila nyumba kwamba mtoto apate jumla ya 4, yaani 1, daraja la juu kabisa, katika kila somo. Kipindi cha michezo kimeandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini mtihani ukikaribia ndicho cha kwanza kugeuzwa hesabu. Shule zilipofungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Watoto waliporudi tulikimbizana kufidia silabasi. Sikusikia mtu akiuliza namna ya kuwafidia miezi waliyokaa bila wenzao wa kucheza nao. Na hii ni nchi iliyoridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ambao kifungu chake cha 31 kinataja haki ya kupumzika na kucheza.

Anayejali vitabu tu naye asikilize. Huko Guangzhou, Uchina, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa asilimia 39.5. Jua lenyewe lina kazi yake machoni.

Najua hofu za wazazi, na nyingine ni za haki kabisa. Ziwa Victoria lina kichocho, na mtoto hawezi kukiona majini. Shimo lililoachwa na wafyatua matofali, likijaa mvua, halioneshi kina chake. Bodaboda haina breki za kungoja mtoto anayekimbiza mpira. Hatari za namna hii, zisizoonekana au zisizompa mtoto nafasi ya kufikiri, ni kazi yetu wakubwa kuziondoa: fukia shimo, weka geti upande wa barabara, kagua nyaya za umeme. Tawi la mwembe ni jambo jingine. Mtoto analiona, analitikisa, anaamua.

Wala si suala la pesa. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen aliona mawazo yake yakitimia huko Emdrup, Copenhagen: kiwanja cha watoto chenye mbao, matofali na vyuma chakavu, wajenge na kubomoa wapendavyo. Sisi tuna matairi ya lori, magogo, kamba na mchanga. Bembea ya plastiki iliyoagizwa nje ni ghali, na mtoto huizoea upesi.

Kikwazo kikubwa ni sisi wazazi. Mwalimu mkuu anajua kwamba goti likichubuka leo, kesho asubuhi kuna baba ofisini kwake anafoka. Ndiyo maana hoja yangu kwenye mkutano wa wazazi wa muhula ujao haitamlenga yeye. Nitawaomba wazazi wenzangu tukubaliane kwamba mchubuko si kesi. Shule iache pembe moja ya uwanja bila saruji na ipande miti, kipindi cha michezo kisiguswe hata kwa darasa la 7, mwalimu mmoja asimame pale na sanduku la huduma ya kwanza bila kupuliza filimbi ovyo, na wasichana nao waruhusiwe kupanda, wasiambiwe wakae kivulini kutazama.